Mafuta Yanapowaka Ndani kwa Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Unene, Kitambi na Mchochota

Maswali haya yametoka kwenye benchi. Kila wiki nakaa na wagonjwa wa kisukari na presha wanaosubiri kuitwa majina, na hapo ndipo mtu anauliza yale ambayo mbele ya daktari huyasahau au huyaonea haya. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale pale, ila nimeongeza miaka na tarakimu kwa anayezitaka.

Mchochota ni nini? Mimi najua uvimbe tu.

Umejikwaa kidole cha mguu. Baada ya muda kinapata moto, kinavimba, kinapwita, hata shuka likikigusa usiku unaruka. Huo ndio mchochota. Askari wa kinga ya mwili wamefika, wamepanua mishipa midogo ya damu, wamemwaga kemikali zao, wanasafisha na kukarabati. Mtaani tunauita uvimbe, na si kosa, lakini neno uvimbe hubeba mengi, hata saratani, kwa hiyo hapa nitashika neno mchochota.

Kidole kikipona, askari wanaondoka. Mchochota wa kwenye mafuta haupoi hivyo. Ni wa chini chini, na mtu anaweza kuishi nao miaka ishirini.

Lakini mafuta si akiba tu?

Ndivyo tulivyofundishwa shuleni: ukila zaidi ya unachotumia, kinachobaki kinawekwa. Ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Siku ya Idd, ukipasua tumbo la mbuzi aliyenona, unakutana na utando mweupe kama wavu wa lesi, umetandazwa juu ya matumbo. Wapo wanaoutumia kufungia maini wakayachoma. Safari nyingine kabla hujautia kwenye sinia, uinue kwenye mwanga. Utaona mishipa myembamba ya damu imetambaa kila upande. Gunia la mahindi halihitaji bomba la maji; shahamu ile inahitaji damu kwa sababu ni tishu hai inayofanya kazi. Na sisi binadamu tunao utando huo huo, mahali pale pale.

Kazi yake mojawapo ni kutuma salamu. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilitambua homoni inayotoka kwenye seli za mafuta, ikapewa jina leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Leptini huuambia ubongo akiba imefikia kiasi gani. Mtu mnene anayo leptini tele. Tatizo ni kwamba ubongo wake umeacha kuisikia. Ipo nyingine, adiponektini, inayosaidia insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) kufanya kazi. Hii ina tabia ya ajabu: inatengenezwa na mafuta, lakini mafuta yakizidi, yenyewe inapungua.

Sasa kwa nini mafuta yawake? Yamefanywa nini?

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha mambo yote.

Seli ya mafuta ni kama puto lenye tone moja kubwa la mafuta ndani, na kila kitu kingine kimesukumwa pembeni. Ukinenepa, mwili una njia mbili: kutengeneza seli mpya, au kujaza zaidi zile zilizopo. Ukubwani, hasa kwenye mafuta ya tumbo, njia ya pili ndiyo inayotumika sana. Puto linajazwa, linajazwa, mpaka kipenyo chake kinapita sehemu ya kumi ya milimita. Kwa kipimo cha seli, hilo ni jitu.

Jitu hilo linaanza kupata shida. Nyuzi ngumu za kolajeni zinazolizunguka hazitanuki vya kutosha, kwa hiyo linabanwa. Mishipa ya damu inaweza isikue kwa kasi linayokua nalo. Kwa panya upungufu wa oksijeni ndani ya mafuta umeonekana wazi, ingawa kwa binadamu vipimo vimepishana. Mafuta yanavuja. Seli iliyozidiwa inatoa kemikali za kuita msaada, na baadhi ya seli zinakufa kabisa, tone lao la mafuta likibaki limemwagika.

Wanaoitika wito ni makrofeji, chembe za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na wadudu. Chini ya darubini utaziona zimeizunguka seli moja iliyokufa, zimeshikana duara kama taji, zinajaribu kulinyonya tone ambalo ni kubwa kuliko zenyewe mara nyingi. Haziwezi kulimaliza upesi. Na zikiwa kazini hazinyamazi: zinamwaga kemikali za mchochota, ambazo zinaita makrofeji wengine, ambao nao wanamwaga.

Kwa hiyo usiseme mafuta ni adui. Mchochota kidogo unahitajika ili tishu ya mafuta itanuke vizuri. Panya waliozimiwa mchochota ndani ya mafuta yao walihifadhi mafuta vibaya zaidi, yakaishia kwenye ini. Kinachotuua ni ghala lililojaa na bado magari yanapanga foleni kushusha mzigo.

Nani aliyagundua haya?

Kwa hatua. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, Boston, pamoja na mwenzao, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya mchochota iitwayo TNF-alfa, na walipoizuia, insulini ya panya hao ikafanya kazi vizuri zaidi. Watu wengi hawakutarajia. Nani angedhani kemikali ya vita vya kinga inatoka kwenye kitambi?

Miaka kumi baadaye, 2003, makundi mawili ya Marekani yalichapisha katika toleo moja la jarida moja kwamba mafuta ya wanene yamejaa makrofeji. Kwa mwembamba makrofeji hazifiki 10 katika kila seli 100 za tishu hiyo. Kwa mtu mnene sana zinakaribia 40. Fikiria nyumba ambayo karibu nusu ya waliomo ni polisi. Kisha mwaka 2005 Saverio Cinti na wenzake wa Italia wakaonyesha wanakokaa polisi hao: zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamezunguka seli zilizokufa, kwa panya wanene na kwa binadamu pia. Ndilo lile taji nililolitaja.

Mbona mimi sisikii homa wala maumivu?

Kwa sababu ni kidogo mno. Malaria au nimonia hupandisha alama za mchochota kwenye damu mara mia na zaidi. Mchochota wa mafuta huzipandisha mara mbili, mara tatu. Hautoshi kukulaza kitandani. Unatosha tu kuharibu kazi ya insulini na kuta za mishipa ya damu, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mtu anakuja kuambiwa ana kisukari siku alipokuja kupima macho.

Kisukari kinaingiaje?

Baada ya kula, insulini inakwenda kwenye misuli, ini na mafuta, inabisha hodi ili sukari ipokelewe. Kemikali za mchochota zinaingia ndani ya seli na kuvuruga zile protini zinazopokea ujumbe wa insulini. Hodi inapigwa, wenye nyumba wapo, ila hawaitikii. Kongosho linaona sukari imebaki barabarani, linaongeza insulini, hodi inakuwa ya kugonga kwa ngumi. Kwa miaka kadhaa mbinu hiyo inafanya kazi na kipimo cha sukari kinatoka kizuri. Kongosho likichoka, sukari inapanda.

Kuna uharibifu wa pili ambao haukosi. Insulini ndiyo inayoiambia seli ya mafuta, «tulia na mafuta yako, usiyaachie». Seli isiyoisikia huyaachia usiku na mchana. Yanakwenda wapi? Kwenye ini, kwenye misuli, ndani ya kongosho lenyewe. Huko hakukujengwa ghala.

Kwa nini mnakazania tumbo? Mimi mafuta yangu yako kwenye makalio.

Basi Mungu kakuwekea mahali pazuri, na sisemi kwa utani. Mafuta ya makalio na mapaja ni ya chini ya ngozi. Yanapokea mafuta na kuyashikilia kwa muda mrefu, wala hayana haraka ya kuyamwaga. Tafiti nyingi zinawaonyesha wenye mafuta hayo wakiwa salama zaidi kuliko wenzao wa uzito ule ule wenye kitambi.

Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo, yanakusanya makrofeji wengi na huachia mafuta kwa urahisi. Sehemu kubwa ya damu yake inaingia moja kwa moja kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini. Ini linakuwa jirani wa kwanza kunywa maji machafu.

Wanawake hubebwa na homoni zao mpaka hedhi inapokoma. Baada ya hapo mafuta yanahamia tumboni, na mama ambaye hakuwahi kuwa na kitambi anashangaa kanga haifungi vile, wakati mzani haujasogea sana.

Jirani yangu ni bonge na sukari yake iko sawa. Mimi ni mwembamba nina kisukari. Haki iko wapi?

Haki haipo, ila maelezo yapo. Mwili wa jirani yako una uwezo wa kutengeneza seli nyingi ndogo za mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo ghala lake ni pana. Lako ni dogo, limejaa mapema, na ziada imekwenda kwenye ini. Watu wenye asili ya Asia Kusini, wakiwemo ndugu zetu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, huwa na mafuta mengi ya ndani wakiwa na uzito mdogo. Ndiyo maana wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwa Waasia tahadhari ianze kwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 23 badala ya 25.

Ushahidi mkali kuliko wote ni wa wale waliozaliwa bila mafuta karibu kabisa. Ni ugonjwa adimu. Ungetarajia wawe na afya ya chuma. Kumbe wanapata kisukari kibaya sana na ini lao linajaa mafuta, kwa sababu hawana pa kuyaweka.

Hata hivyo usimwambie jirani yako kwamba yuko salama. Wengi wa aina yake, ukiwafuatilia miaka kumi au zaidi, hawabaki pale walipokuwa.

Natumia ARV. Hili linanihusu?

Linakuhusu mara mbili.

Wanaokumbuka miaka ya 2000 wanakumbuka stavudini, ARV ya wakati ule. Iliokoa maisha, lakini iliua seli za mafuta za mikono, miguu na uso. Mashavu yakabonyea, mishipa ikachomoza miguuni, na kwa baadhi tumbo likatokeza. Watu wakawatambua wagonjwa kwa sura tu, na unyanyapaa ukapata macho. Ndani yao, mafuta yaliyokosa makao yalikuwa yanaleta usugu wa insulini. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiondoe.

Kidonge cha TLD cha leo chenye dolutegraviri hakina shida hiyo. Ila majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 kutoka Afrika Kusini na Kamerun yalionyesha kwamba wanaokitumia huongezeka uzito zaidi, hasa wanawake. Sehemu ya uzito huo ni afya inayorudi. Sehemu nyingine inazidi mahitaji. Usiache dawa. Nasema tena, usiache. Ila omba upimwe kiuno, presha na sukari angalau kila mwaka, na usikubali jibu la «umenawiri tu».

Nikinyonywa mafuta kwa upasuaji, mchochota si utaisha?

Swali zuri, na lilijaribiwa. Mwaka 2004 Samuel Klein na wenzake wa St. Louis, Marekani, walichapisha habari za wanawake 15 wanene waliotolewa mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo kwa kunyonywa, takriban kilo 10 kila mmoja. Kilo 10! Wiki 10 hadi 12 baadaye walipimwa: insulini, presha, kolesteroli, alama za mchochota. Hakuna kilichobadilika.

Mtu akipunguza kilo hizo kwa kula kidogo, vitu hivyo vyote hubadilika. Tofauti ni kwamba mnyonyaji wa mafuta aliondoa baadhi ya maputo, akayaacha mengine yote yamejaa vile vile, na hakugusa mafuta ya ndani wala ya ini. Kupungua kwa chakula kunapunguza kila puto kidogo. Upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ni jambo jingine: hapo mtu anakula kidogo, na vipande vya mafuta vya wagonjwa wa Paris vilivyochunguzwa kabla na baada, mwaka 2005, vilionyesha makrofeji zimepungua.

Basi nimeze diklofenaki kila siku?

Hapana. Hili nalikuta mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kwa wenye magoti yanayouma. Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku zinachoma tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Figo za mwenye kisukari tayari zina kesi yao.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwaka 1876 daktari Mjerumani Wilhelm Ebstein aliandika kwamba salisilati, ndugu ya aspirini, ilipunguza sukari kwenye mkojo wa wagonjwa wake. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013 lilitumia salsalati, dawa ya ukoo huo huo, kwa wiki 48: HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ilishuka kwa takriban pointi 0.37 zaidi ya waliopewa dawa bandia. Ni kitu, lakini metformini, kidonge cha kisukari cha bei rahisi, inafanya zaidi. Dawa za kuzuia TNF-alfa, zilizofanya maajabu kwa panya, kwa binadamu wanene hazikufanya la maana kwenye insulini. Na jaribio kubwa la kanakinumabu, dawa inayozuia kemikali nyingine ya mchochota, la watu zaidi ya 10,000, mwaka 2017, lilipunguza mashambulizi ya moyo, ila halikuzuia kisukari kipya.

Tena mzima-mchochota mkali kuliko wote, prednisoloni, pamoja na nduguye deksamethasoni, hupandisha sukari na kujenga kitambi. Wapo mabinti wanaomeza deksamethasoni kwa makusudi ili wajae. Wanajaa, ndiyo, usoni na tumboni, na siku wakiiacha ghafla mwili unaweza kuzimia kwa kukosa homoni yake ya asili.

Kuzima king'ora hakuzimi moto.

Tangawizi, manjano, siki ya tufaha, chai ya kupunguza tumbo?

Tangawizi na manjano ni viungo vizuri, endelea kuvitia kwenye pilau na mchuzi. Havitoi mafuta ndani ya seli. Siki ukiibugia bila kuizimua inakula meno. Chai za kupunguza tumbo, nyingi ni dawa za kuharisha: mzani unashuka kilo mbili kwa maji na kinyesi, keshokutwa zinarudi. Pesa yako nunua dagaa na mchicha.

Kwa hiyo nile nini?

Sitakupa orodha ya vyakula vya mchochota na vya kuzima mchochota. Orodha hizo zinauzwa sana na zinasaidia kidogo. La kwanza ni kiasi. Chakula chetu chenyewe si kibaya: maharage, kunde, choroko, samaki, mboga za majani, ugali wa dona, viazi vitamu. Angalia sinia. Kilima cha wali mweupe, kijiko kimoja cha maharage, na mchicha wa kuonja. Geuza hesabu hiyo, mboga na maharage yachukue nusu kubwa, na utakuwa umefanya zaidi ya kirutubisho chochote cha kwenye kopo.

Soda na juisi za paketi ziondoe kabla ya kitu kingine, maana ini ndilo linalobeba sehemu kubwa ya sukari ile na kuigeuza mafuta. Chai ya vijiko vinne vya sukari mara nne kwa siku ni vijiko 16. Nimekaa na mzee mmoja tukavimimina kwenye kisahani, kimoja kimoja, akanyamaza kimya.

Nipunguze kilo ngapi ndipo moto upungue?

Chache kuliko unavyoogopa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokaribia kisukari waligawanywa. Kundi lililolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushei. Bado utaonekana mnene. Lakini mafuta ya ini na ya ndani ya tumbo ni ya kwanza kuondoka, ndiyo maana faida inakuja kabla marafiki hawajagundua umepungua.

Natembea kila siku, mzani hausogei. Niache?

Usiache hata kidogo. Mwili unajua kubana matumizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanazotumia Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa mwili, kwa siku walitumia karibu sawa na watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Kwa hiyo mazoezi peke yake si njia ya haraka ya kupunguza kilo, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu.

Faida yake iko kwingine. Msuli unaofanya kazi hutoa interlukini-6, mojawapo ya zile kemikali za mchochota ambazo zikitoka kwenye mafuta tunazilaumu. Ikitoka msulini kwa saa moja kisha ikatulia, inafanya kazi ya kutuliza. Kule Copenhagen, mwaka 2019, watu wenye vitambi waliendesha baiskeli wiki 12, mafuta yao ya ndani yakapungua. Wenzao waliofanya mazoezi yale yale huku wamepewa dawa ya kuzuia interlukini-6 hawakupungua mafuta hayo. Mzani wa bafuni haujui habari hizi.

Kuna kipimo cha mchochota?

Kipo, kinaitwa CRP. Kile chenye uwezo wa kuona hata kiasi kidogo, chini ya miligramu 1 kwa lita ni salama, 1 hadi 3 wastani, juu ya 3 hatari ya moyo imepanda. Ikizidi 10 tafuta ugonjwa mwingine kwanza. Kwetu, ambako malaria, jipu au jino bovu vinaweza kuipandisha wakati wowote, sioni sababu ya kulipia kipimo hicho kama hujashauriwa.

Chukua futikamba ya fundi cherehani. Simama, vua shati, pumua nje kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani (ndio, nimekuona), na uzungushe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke zaidi ya sentimita 80, mwanamume zaidi ya 94, anza kujali. Au rahisi zaidi: kata kamba yenye urefu wako kuanzia kisigino hadi utosi, ikunje katikati iwe nusu. Isipofika kuzunguka kiuno, una jambo la kumwambia daktari.

Magoti na saratani navyo?

Magoti hubeba uzito, sawa. Lakini wanene huchakaa viungo vya vidole vya mikono pia, na hakuna anayetembelea mikono, kemikali zinahusika. Kuhusu saratani, mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitaja aina 13 zinazohusishwa na mafuta kupita kiasi, zikiwemo za utumbo mpana, nyumba ya uzazi, ini, na matiti kwa waliokoma hedhi.

Hizi sindano mpya za kupunguza unene?

Zinafanya kazi. Semagluti­di ilijaribiwa kwa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa lakini bila kisukari. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo vimepungua kwa asilimia 20, na CRP ikashuka pia. Ukiacha kuchoma, uzito mwingi hurudi. Bei yake kwa wengi wetu ni mshahara. Na za bei poa zinazouzwa kwa ujumbe wa simu, bila boksi wala jokofu, sizigusi.

Nikishapungua, zile seli za mafuta zinakufa?

Hapana, hazitoweki. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitumia ujanja wa kupendeza: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga kaboni-14 hewani, ikaingia kwenye vyakula na kwenye vinasaba vya kila seli iliyozaliwa wakati ule, kama muhuri wa tarehe. Kwa muhuri huo, mwaka 2008 walionyesha kwamba idadi ya seli za mafuta huwekwa utotoni na ujanani, kisha karibu asilimia 10 hufa na kubadilishwa kila mwaka, jumla ikibaki ile ile. Ukipungua, maputo yanasinyaa, hayatoweki.

Na yanakumbuka. Mwaka 2024 watafiti wa Zürich walichunguza mafuta ya watu kabla ya upasuaji wa kupunguza unene na miaka miwili baada yake. Watu wamepungua sana, lakini seli zao za mafuta zilikuwa bado zinasoma vinasaba kwa mtindo wa zamani wa unene. Panya wenye kumbukumbu hiyo, waliporudishiwa chakula cha mafuta, walinenepa upesi kuliko wenzao.

Dada mmoja aliwahi kuniuliza hapo kwenye benchi, kilo 11 alizozipunguza kwa mwaka zimerudi 8, je, yeye ni mvivu? Nilimweleza habari ya Zürich. Akakaa kidogo, akauliza, «Kwa hiyo hiki ni cha kunywea dawa maisha yote, kama presha?» Nikamwambia, ndiyo, kifuatilie kama unavyofuatilia presha, na tarehe ya kurudi kupimwa kiuno tukaiandika nyuma ya kadi yake.